Kipua sio Bedford, mwanangu

Assalaam alaikum mwanangu,

Voisi yako ya juzi nimeisikiliza mara mbili, ya kwanza nilikuwa nabangua korosho na redio iko juu sikuishika vizuri. Umeniuliza, "Mama hivi lile gari la babu ni aina gani hasa, maana mjomba anasema Bedford, na kuna mtu wa skrepa keshampa bei kwa kilo." Nakujibu kwa kuandika kwasababu ni maneno mengi, isome ukiwa umetulia.

Lile gari sio Bedford, yale malori ya Kiingereza. Ni Ford ya Kanada, lori la jeshi la wakati wa Vita ya Pili, linaitwa F60L. Na mjomba wako usimlaumu, huku kwetu zamani kila lori lililobeba korosho watu waliliita Bedford tu, kama mtu anavyokwenda dukani kuomba Colgate akapewa dawa yoyote ya meno akaondoka nayo. Hata mimi nimekua naliita hivo mpaka mwaka jana nilipoanza kulichunguza.

Kilichonianzisha ni jina. Unajua kwanini babu yako na watu wa Mingoyo wote waliliita Kipua? Mimi nilidhani ni utani wa babu, kumbe watu walikuwa wanasema walichokiona, pua yake fupi. Bedford za mjini zilizokuwa zinakuja kwa Wahindi kuchukua ufuta zilikuwa na boneti ndefu inayotangulia mbele, sasa hili boneti lake limekatika ghafla kama limegonga ukuta, na injini nusu yake imeingia ndani ya kebini katikati ya dereva na utingo. Nilikuwa nakaa pale juu ya kifuniko cha injini nikiwa mdogo, napajua joto lake. Ndio nikajiuliza, Bedford gani iko hivi? Ya jeshi ile OY nayo pua yake ndefu, na ile QL haina pua kabisa kebini imekalia injini. Hakuna katikati.

Basi nikamwita yule fundi wa Mnazi Mmoja, tukakata majani, tukafukuza kuku, tukafungua boneti. Injini ya Bedford ina silinda sita zimesimama mstari mmoja. Hii ina nane, nne huku nne kule, yaani V8, na hedi zake ni bapa kabisa kwa sababu vali haziko juu, ziko ubavuni ndani ya bloku. Tumehesabu nati za hedi moja zikawa 24, tukahesabu ya pili 24. Hiyo ndiyo V8 ya Ford ya miaka ile, inchi za ujazo 239, nguvu farasi 95, wakati Bedford ya wakati huohuo ilikuwa na 72.

Sasa utaniambia mama injini inabadilishwa, mtu anaweza kuwa alitoa ya Bedford akaweka ya Ford. Swali zuri na fundi naye aliuliza hivohivo. Jibu liko kwenye rejeta. V8 ile ina wota pampu mbili, kila upande na yake, kwahiyo hozi za juu ni mbili, na rejeta ya Kipua ina midomo miwili juu na miwili chini, imeumbwa hivyo kiwandani, haijachomelewa. Mtu abadili injini sawa, abadili na rejeta, abadili na kebini yenye pua ya kuitosha V8, halafu abadili na ekseli ya mbele? Maana ya mbele nayo inavuta, ina difu yake, na kuna ile gia ndogo ya pembeni ambayo babu alikuwa anaivuta kwenye tope la mfinyanzi. Hapo sio kubadili tena, hapo ni gari lingine zima.

Ukitaka uhakika zaidi tazama kioo cha mbele. Kioo cha magari yote unayoyajua kimelalia nyuma, cha Kipua kimelala kinyume, juu kimetokeza mbele na chini kimerudi ndani. Mimi nilidhani kebini ilipinda siku gari lilipoanguka Nanganga. Kumbe Wakanada walilitengeneza hivyo makusudi, jua lisiakisi kwenye kioo ndege ya adui ikaona mng'ao. Kebini hiyo wanaiita namba 13, ilitoka kati ya 1941 na 1945, na zilizotangulia za namba 11 na 12 kioo chake hakikulala hivyo. Kwahiyo tayari tumejua na umri wake, sio wa kabla ya 1941 wala wa baada ya vita.

Halafu kuna kitu kimoja lazima ukijue usije ukabishana na mtu ukashindwa. Kanada waliagiza kampuni mbili zitengeneze lori la umbo moja, Ford pale Windsor na Chevrolet pale Oshawa, kebini ileile, kioo kilekile, ukiziweka pamoja kwa mbali huwezi kutofautisha. Ya Chevrolet ni C60L na injini yake ni silinda sita za mstari. Ndio maana nasisitiza nane, na ndio maana nasisitiza hozi mbili. Ile 60 ni mzigo, maana wao walipima kwa handredweiti, kipimo cha uzito cha Kiingereza, 60 ni tani tatu. L ni ndefu. Nilichukua futi ya fundi cherehani hapa jirani, nikapima kutoka katikati ya gurudumu la mbele mpaka katikati ya la nyuma nikapata mita nne na sentimita moja, ndio zile inchi 158 za L, ile fupi ya S ni 134. Nilikaa chini nikacheka peke yangu kwa furaha.

Kibati cha kiwandani kingetumalizia kazi yote hii kwa dakika moja lakini hakipo, kimebaki na matundu manne tu. Kuna mtu alipita miaka hiyo ananunua shaba, akakitoa mimi nikiwa shule, bibi yako akapewa hela ya sukari. Mpaka leo kinaniuma.

Namna lilivyofika kwetu unaijua nusu. Waingereza walipoleta mradi wao wa karanga 1947, Kongwa, Urambo na huku kwetu Nachingwea, vifaa vingi walivyokuja navyo vilikuwa masalio ya vita, mpaka vifaru vya Sherman viligeuzwa matrekta. Reli ikaanzia hapa Mkwaya kwenda Nachingwea, 1949 treni ikapita. Babu yako alikuwa utingo kisha dereva wa kupeleka mizigo Mkwaya. Mradi ukafa 1951, watu wakarudi kwao, vyuma vikabaki porini, na babu alikuwa anasema alilinunua lile gari likiwa halina matairi kwa pesa ya miezi aliyoisahau hesabu. Reli yenyewe ikaja ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 60, Kipua likaendelea kutembea. Limebeba chumvi, limebeba korosho kwenda bandarini Mtwara, limebeba maji Newala kule juu ambako visima hakuna, limebeba maiti na maharusi.

Na hapo kwenye mlima wa Newala ndipo nilipolijua lile gari kabla sijajua jina lake. Lilikuwa linachemka kila safari. Kazi yangu ilikuwa kushuka na debe. Fundi amenieleza sababu na nimeielewa vizuri, ile V8 moshi wake wa moto unapita ndani ya bloku katikati ya maji kabla ya kutoka, kwahiyo maji yanapata joto mara mbili, sio ubovu wa gari la babu ni maumbile ya injini. Na unakumbuka nilikusimulia babu alikuwa anafunga kitambaa kibichi kwenye kitu fulani nyuma ya injini, sisi watoto tukasema ni dawa ya mganga? Ile ni pampu ya petroli. Iko juu pale kwenye joto, petroli inageuka mvuke, gari linazima. Analowesha kitambaa, anasubiri, linawaka. Aligundua mwenyewe mzee yule, Mungu amrehemu, hakusoma popote.

Sasa la mtu wa skrepa. Nimeshamwambia mjomba hapana, na nimemwambia mbele ya shangazi zako wote. Lori za aina hii kwa Ford na Chevrolet pamoja zilitoka zaidi ya 400,000, lakini zimekatwa, zimeyeyushwa, zimeozea porini, na niambie wewe unayetembea nchi nzima umeona lingine wapi? Lenye injini yake, rejeta yake, gia ndogo yake, na familia moja tangu siku linanunuliwa? Anayepima kwa kilo anapima chuma, na sisi hatuuzi chuma.

Ukija likizo ya korosho, mwezi wa kumi, njoo na kamera nzuri na tochi. Piga picha namba zilizogongwa kwenye chesisi, usikwangue kwa brashi ya waya, tumia mafuta ya taa na kitambaa. Na yule rafiki yako fundi wa Temeke akitaka kufungua matairi mwambie asiguse kwanza. Rimu zake ni vipande viwili vimeshikwa na nati za duara la nje, ukizilegeza hewa ikiwa bado imo kile kipande kinaruka na kuua mtu. Zile matairi mbili za nyuma bado zina upepo. Atoe hewa yote, atoe na vali yenyewe, ndio ashike spana.

Mama yako,
Mingoyo