Mashoto, konokono na kioo: majibu ya maswali yenu

SWALI: Mwanangu ana miaka 6, ni mashoto. Akikata karatasi kwa mkasi, karatasi inajikunja na kunasa katikati ya mabapa. Nimemwambia augeuze mkasi juu chini, hali ni ileile. Tatizo ni mkono au mkasi?

JIBU: Ni mkasi. Elekeza ncha mbele kama unayetaka kukata: bapa la juu liko kulia. Sasa ugeuze juu chini. Bapa lililokuwa chini limekuja juu, nalo liko kulia vilevile. Ndiyo maana kugeuza hakukusaidia.

Tunapobana mkasi, bila kujua, kidole gumba husukuma mshikio wake nje na vidole vingine huvuta wao kuelekea kiganja. Kwa mkono wa kulia, msukumo huo huyabananisha mabapa. Kwa kushoto huyatenganisha, na karatasi huingia kwenye mwanya. Kukaza skrubu kunapunguza mwanya, lakini mkasi unakuwa mzito. Kwa leo, mwambie avute gumba kuelekea kiganja na kusukuma vidole nje. Utakata, ila mkono utachoka upesi. Dawa ni mkasi wa mashoto, ambao bapa lake la juu liko kushoto. Kagua mabapa kabla ya kununua, maana mingine imebadilishwa umbo la mshikio tu. Na mkono wake msimbadilishe. Lugha yetu imeshaupendelea mkono wa kulia, yaani wa kula; inatosha.

SWALI: Nitajuaje kama konokono ni wa kulia au wa kushoto?

JIBU: Ncha ya gamba lake iwe juu, mdomo wa gamba ukutazame. Mdomo ukiwa kulia kwako, ni wa kulia, kama walivyo wa spishi nyingi. Kwa baadhi ya konokono wa majini, upande huamuliwa na jeni za mama, si za mtoto mwenyewe, kwa hiyo mtoto anaweza kubeba jeni za upande mmoja na kujisokota upande mwingine.

SWALI: Molekuli nazo zina kulia na kushoto?

JIBU: Zinazo. Mwaka 1848 mwanasayansi Mfaransa Louis Pasteur alizichambua kwa mkono fuwele za chumvi ya asidi ya tataliki: zilikuwa za aina mbili, kila moja taswira ya mwenzake kwenye kioo. Karivoni, kemikali ya harufu iliyomo kwenye mimea, ya upande mmoja hunukia mnanaa, ya upande wa pili hunukia kisibiti. Atomi ni zilezile, lakini vipokezi vya puani vina upande wake, kama glavu: ya kulia haikai mkono wa kushoto hata uigeuzegeuze vipi.

Ila si kila mara kuchagua molekuli za upande mmoja kunatosha. Thalidomaidi, dawa iliyolemaza watoto tumboni na kuondolewa sokoni Ujerumani mwaka 1961, hata ukimeza ya upande mmoja tu, mwilini sehemu yake hugeuka kuwa ya upande wa pili.