Kamera inaikataa kadi mpya, laptopu nayo inajikokota: nianzie wapi?

SWALI: Nina kamera ya mwaka 2008, megapikseli 10, na bado inapiga picha safi. Nimeinunulia kadi ya GB 64 lakini inaandika kwamba kadi haisomeki, wakati ile ya zamani ya GB 4 inafanya kazi vizuri. Laptopu yangu ya 2012 (RAM GB 4, diski ya GB 500, Windows 10 ya biti 64) nayo inachukua muda mrefu kuwaka, na nikifungua picha za kuhariri inaganda. Siwezi kununua kila kitu kwa mpigo. Je, kadi ni feki? Na kwenye laptopu nianze na RAM au diski?

JIBU: Kadi yako huenda ni nzima kabisa. Tazama nembo iliyochapwa juu yake: bila shaka utaona SDXC. Kwa umbo, kadi za SD, SDHC na SDXC hazina tofauti, zote zinaingia kwenye tundu lilelile, na hapo ndipo watu wengi wanapopoteza hela. SD za mwanzo zinaishia GB 2. SDHC, iliyokuja mwaka 2006, inaishia GB 32 na hutumia mfumo wa faili (namna ya kupanga data kwenye kadi) uitwao FAT32. SDXC ilitangazwa 2009 na hutumia mfumo mwingine, exFAT. Kamera yako ilitoka kiwandani kabla kadi za aina hiyo hazijakuwapo, kwa hiyo haina namna ya kuzielewa. Wapo wanaoifomati SDXC kwa FAT32 na kamera ikaikubali, ila mimi siwezi kumshauri mtu aweke picha anazozipenda kwenye mpango wa kubahatisha.

Nunua SDHC ya GB 16. Kwa megapikseli 10, picha moja ya JPEG ni kama MB 4 hivi, kwa hiyo utapata takribani picha 4,000 kabla haijajaa. Usilipie zaidi kwa sababu ya maandishi ya kasi kubwa. Kamera za wakati huo husafirisha data kwenye kadi kwa kasi isiyozidi MB 25 kwa sekunde, na nyingi hata hapo hazifiki. Kadi ya daraja la 10 (Class 10) inatosha. Ukishaipata, ifomati ndani ya kamera yenyewe, siyo kwenye kompyuta.

Feki zipo nyingi, na ubaya wake ni kwamba hazijitangazi: kadi ya GB 8 hubadilishwa ijitambulishe kama GB 32, picha za mwanzo zinaingia vizuri, halafu zinazofuata zinapotea bila onyo lolote. Kabla hujapiga hata picha moja, ijaze yote kwa programu ya H2testw kwenye Windows, au F3 kama unatumia Linux. Programu huandika data mpaka kadi ijae, kisha huisoma tena na kulinganisha. Inachukua muda, lakini ni afadhali kusubiri kuliko kupoteza picha za harusi ya mtu.

Sasa laptopu. Bonyeza Ctrl+Shift+Esc, fungua ukurasa wa utendaji (Performance), kisha fanya kazi zako za kawaida huku ukitazama. Naamini utakuta diski imekaa kwenye asilimia 100 wakati prosesa inapumzika. Diski nyingi za laptopu za miaka hiyo zinazunguka mara 5,400 kwa dakika, yaani mzunguko mmoja unachukua milisekunde 11. Kila faili linapoitwa, kichwa cha kusomea lazima kisogee, kisha kingoje sahani izunguke mpaka data ipite chini yake. Ukijumlisha, unapata maombi chini ya mia moja kwa sekunde pale data inapokuwa imetawanyika, na Windows ikiwaka inaita maelfu ya faili yaliyotawanyika. SSD, yaani diski inayohifadhi data kwenye chipu, haina kinachozunguka. Hata ile ya kawaida ya SATA, inayochomekwa kwenye kiunganishi kama cha diski yako, hujibu maelfu kwa maelfu ya maombi kwa sekunde.

Kwa hiyo anza na SSD. Kuna sababu ya pili: RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, ikijaa, Windows huhamishia sehemu ya data kwenye diski, na diski ikiwa nzito, uhaba wa RAM unauma mara mbili. Chukua ya SATA, inchi 2.5. Usikubali kuuziwa NVMe, aina mpya zaidi ya SSD, haina pa kuchomekwa kwenye laptopu hiyo. SSD nyingi zina unene wa milimita 7, na diski yako ikiwa ya 9.5, weka kipande cha kuziba pengo isichezecheze.

RAM ifuate hela ikipatikana, na GB 8 zitakutosha kwa picha za kamera hii. Fungua kifuniko cha chini usome kibandiko cha RAM iliyomo. PC3-12800 ni DDR3 (kizazi cha RAM cha wakati huo) ya volti 1.5, na PC3L ni ya volti 1.35. Ukikuta PC3L, nunua PC3L tu. Angalia pia kama kuna sloti iliyo wazi, na mtengenezaji ameweka kikomo cha GB ngapi kwa modeli yako. Kumbuka kuchomoa chaja na betri kabla ya kugusa chochote.

Kuhamisha Windows, tumia waya wa USB kwenda SATA na programu ya kunakili diski nzima. Ila kwanza nakili picha zako mahali pengine, maana diski ya umri huo inaweza kufa katikati ya kazi. Laptopu ikishawaka kwa SSD, iweke diski ya zamani kando jinsi ilivyo. Usiifute mpaka uwe umefungua mafolda yote ya picha na kuhakikisha yanafunguka.