Linki za picha kwenye Excel zimegoma: usianze kuziweka upya moja moja

Mkuu, nimekuelewa hivi: orodha yako ya stoo ya vigae ina linki kila mstari, ukibofya inafunguka picha ya kigae husika. Tangu fundi akuhamishie kila kitu kwenye kompyuta mpya, ukibofya unajibiwa "Cannot open the specified file". Na kuna mdau kakushauri uziingize zote upya. Huo ushauri uweke pembeni kwanza. Utakesha, na mwezi ujao zitagoma tena.

Mimi natunza stoo ya duka la spea pale Gerezani. Orodha yetu iko hivyohivyo: namba ya spea, rafu, bei na linki ya picha, maana mteja wa taa ya IST hatoi hela mpaka aone sura ya taa yenyewe. Kwa hiyo haya mambo nayaishi.

Elewa kwanza kwamba picha haimo ndani ya Excel. Kilichomo ni maelekezo ya mahali ilipo, na mara nyingi maelekezo hayo yanahesabiwa kuanzia pale faili la Excel lilipo. Ni sawa na kumwambia mgeni "nyumba ya tatu mkono wa kulia ukitoka hapa". Ukihama wewe, mgeni anabisha hodi kwa watu wengine.

Sasa weka mausi juu ya linki moja bila kubofya, usubiri kidogo. Kitatokea kiboksi chenye anwani nzima. Kisome taratibu, kwa sababu dawa inategemea kilichoandikwa pale.

Ukikuta maneno AppData, Roaming, Microsoft, Excel katikati ya anwani, hapo hata fundi hana kosa. Hii huwapata sana watu wa umeme wa kukatikakatika. Kompyuta inazimika ghafla, ukiwasha Excel inakuletea nakala iliyookoa, nawe unaihifadhi kwa furaha. Kumbe nakala ile ilikuwa imekaa kwenye folda ya siri ya Excel, na linki zako zimeanza kuhesabiwa kutokea huko. Picha ziko salama palepale zilipokuwa, ni njia tu iliyopinda. Ukishazirekebisha kwa njia nitakayokuonyesha hapo chini, ingia File, Options, Advanced, shuka mpaka General, bonyeza Web Options, kisha kwenye Files ondoa tiki ya "Update links on save".

Ukikuta anwani inaanza na E: au F:, basi picha zilikuwa kwenye flashi au diski ya nje, na kompyuta mpya imeipa herufi nyingine. Hiyo ni nyepesi: fungua Disk Management ya Windows, irudishie diski herufi yake ya zamani, linki zote zinafufuka bila kugusa Excel. Na kama picha ulikuwa umezirundika Desktop, angalia kama OneDrive haijaihamisha Desktop yako nzima kuiweka ndani ya folda yake. Inafanya hivyo ikiwashwa ile huduma ya kuhifadhi nakala, na watu wengi huikubali bila kusoma.

Kwako wewe, nahisi fundi alinakili faili la Excel akaliweka sehemu moja, folda ya picha akaiweka sehemu nyingine. Rudisha vikae kama vilivyokaa zamani, ujaribu linki moja. Ikifunguka, kazi imeisha.

Isipofunguka, ndipo tunabadilisha anwani zote kwa mpigo. Usihangaike na Ctrl+H. Linki uliyoiingiza kwa mkono haiguswi nayo, inabadilika maandishi ya juu tu, anwani inabaki ileile. Tengeneza nakala ya faili kwanza, kwa sababu makro (maagizo unayoiandikia Excel iyatekeleze yenyewe) haina kurudi nyuma kwa Ctrl+Z. Kisha bonyeza Alt+F11, ingiza moduli mpya (Insert, kisha Module), uandike:

Sub BadilishaNjia()
Dim h As Hyperlink
For Each h In ActiveSheet.Hyperlinks
h.Address = Replace(h.Address, "njia ya zamani", "njia mpya")
Next
End Sub

Njia ya zamani inakili kutoka kwenye boksi la Ctrl+K (la kuhariri linki), usiinakili kwa macho kutoka kwenye kile kiboksi cha mausi. Viwili hivyo haviandiki sawa, na herufi moja ikipishana makro inapita kimya bila kubadilisha kitu.

Ila mimi dukani niliachana kabisa na linki za mkono. Kila picha naipa jina la namba ya spea yake, halafu seli F1 ina njia ya folda tu, mfano D:\Stoo\Picha\ (ile alama ya \ ya mwisho usiisahau). Kwenye safu ya linki naweka =HYPERLINK($F$1&A2&".jpg","Angalia") na kuivuta hadi chini; A2 ndipo ilipo namba ya spea. Folda ikihama nabadilisha F1 peke yake.

Kama zinagoma baadhi tu na nyingine zinafunguka, tatizo ni majina. Alama ya # ndiyo mchawi mkubwa: Excel ikiiona kwenye jina la faili inakata anwani hapo hapo, ikidhani kinachofuata ni mahali ndani ya faili. Ifute kwenye jina la picha na kwenye linki. Nyingine ni picha za WhatsApp. Ukizishusha kwenye kompyuta zinakuja na mwisho wa .jpeg, nawe linki yako inatafuta .jpg. Windows kwa kawaida inaficha hizo herufi za mwisho, kwa hiyo nenda View kwenye folda uziwashe zionekane. Nimeshaona hata "kigae12.jpg.jpg", kijana kaongeza mwisho juu ya mwisho uliofichwa.

Ukitaka kujua mkosaji ni Excel au ni njia, nakili anwani kamili ya picha moja, ibandike juu kabisa kwenye kisanduku cha anwani cha folda yoyote, piga Enter. Picha ikifunguka pale, njia ni nzima. Ikikataa, Excel muache, tafuta faili. Na kama picha yenyewe haifunguki hata ukiibofya mara mbili ndani ya folda yake, angalia kama si HEIC, yaani zile za iPhone. Kompyuta nyingi hazizifungui mpaka uongeze programu yake, bora uzigeuze kuwa JPG.

Ukikwama, bandika hapa anwani ya linki moja inayofunguka na moja inayogoma, nizione zote mbili.