Umehamia ughaibuni na mkono umegoma kuchora? Njoo tuongee

Kijana mmoja wa Tanga aliyehamia Ujerumani kaniandikia: "Dada, tangu nifike huku sijachora kitu. Kila mahali ni kijivu tu. Nifanyeje?" Nilimjibu kwa ufupi, nikaona bora niliseme hadharani, maana mko wengi.

Acha kusubiri msukumo. Chora kilicho karibu na kisichokudai hela.

Somo hilo nimelipata kwa mchoraji Jacques Hnizdovsky. Alizaliwa 1915 katika kijiji cha Pylypche, magharibi mwa Ukraine. Akasomea sanaa Warsaw, vita vikamsukuma hadi Zagreb, kisha akaishia kambi ya wakimbizi Munich. Mwaka 1949 akaingia Marekani na kupata kazi kwenye kampuni ya kalenda huko St. Paul, Minnesota. Mwaka uliofuata chapa yake ya mbao, yaani picha iliyochapwa kwa ubao wa kuchongwa, ikashinda tuzo Minneapolis. Ilionyesha nini? Kichaka. Kichaka tu! Akaacha kazi, akahamia New York, na huko hakuwa na hela ya kumlipa mtu akae achorwe. Basi akageukia miti, na wanyama wa Bronx Zoo, na mimea ya bustani kubwa iliyo jirani. Kondoo wake wa 1961 anajulikana hadi leo. Kwenye chapa ya mbao ukichonga mstari umeutoa, unabaki mweupe, hakuna kufuta. Sasa fikiria manyoya ya kondoo mzima kwa mtindo huo.

Mimi nilifika Bronx kichwa kimejaa Bagamoyo. Nikabeba boksi kama wengine: usiku natunza wazee, mchana nachora. Karibu na kwangu kuna duka la kufulia nguo, lina joto, na hakuna anayekufukuza mradi una nguo kwenye mashine. Nikaanza kuchora humo: akina mama wanakunja mashuka wawili wawili, taa za njano, povu linazunguka nyuma ya milango ya vioo. Nilipofika kwenye kapu moja la plastiki, mkono wenyewe ukachanganya bluu ya mabeseni ya samaki pale Feri. Sikuwa nimeiwaza Dar kabisa.

Nikazipeleka picha kwa mwenye ukumbi mmoja wa sanaa. Akazitazama haraka haraka, akaniuliza, "Twiga wako wapi? Wateja wangu wanataka Afrika." Nikatoka na kazi zangu ndani ya mfuko wa taka, mvua inanyesha. Jamani, bado inaniuma.

Mwezi huu picha ileile ya mashine za kufulia imetundikwa ukumbi mwingine, ikanunuliwa siku ya ufunguzi. Nimeringa, na nitaendelea kuringa.

Sina ugomvi na twiga. Edward Saidi Tingatinga, yule wa michoro ya wanyama, naye alikuwa mgeni Dar, katokea Tunduru, na mwaka 1968 alianza kupaka rangi za baiskeli juu ya hadibodi kwa kuwa ndivyo vitu alivyovimudu. Aliyemwiga twiga wake bila kujiuliza yeye mwenyewe anaona nini, huyo ndiye simwelewi.

Na hicho kijivu mnachokilalamikia ni rangi, ndugu zangu. Hnizdovsky alichora miti isiyo na jani hata moja, tawi kwa tawi, ikapendeza. Mnashinda kwenye simu mkitazama studio za watu, mnanunua rangi za bei mbaya, mnasema mazingira hayaruhusu. Mazingira gani? Shuka kituo cha treni. Chora viatu vya watu. Kesho rudi uchore tena, palepale, maana siku ya kwanza macho bado yanashangaa na hayaoni.

Walioko New York: Jumatano Bronx Zoo wana utaratibu wa kiingilio nafuu, ila weka nafasi mapema. Beba penseli laini, ubao wa kuegemeza karatasi, na glovu zilizokatwa vidole. Baridi ya pale ikikukamata huwezi hata kufunga begi.