Ukoo umezidi biti 24 kwenye Merlin: nimpunguze nani?

SWALI: Kamwene, mtaalamu. Nasoma uzamili hapa Iringa. Nina ukoo wa Rungwe wenye ugonjwa wa macho wa kurithi: mzee na wake zake wawili, watoto 9, wakwe 5, wajukuu 14. Natumia Merlin, programu ya kutafuta jeni za ugonjwa ndani ya koo. Nikiendesha --npl (uchambuzi usiohitaji kujua namna ugonjwa unavyorithiwa), inauruka ukoo huu. Wenzangu wanasema nipandishe --bits, yaani kikomo cha uzito wa ukoo. Je, ni sawa?

JIBU: Kamwene, ndugu. Hesabu kwanza. Merlin hutumia njia ya Lander na Green, na uzito wa ukoo ni 2n − f: n ni wenye wazazi ndani ya faili, f ni wasio nao. Kwako n ni 23, f ni 8, yaani biti 38. Kikomo cha kawaida ni 24, na kila biti inayoongezeka huzidisha kazi mara mbili. Ukiandika --bits 38, RAM itakwisha kabla ya jibu.

Anza na wajukuu wazima (wasioumwa) ambao hawakutolewa damu. Tuseme ni 5, na wawili kati yao ndio watoto pekee wa mkwe mmoja: mkwe huyo naye aondoke. Unabaki na 36 − 7 = 29. Kisha toa wajukuu wawili wazima ambao wazazi wao wote wamepimwa DNA: 25. Mtoto wa mzee asiyeumwa, asiyepimwa na asiye na watoto akitoka, unafika 23.

Usimguse mzee, hata kama alifariki bila kupimwa. Yeye ndiye kiungo cha nyumba mbili. Ukigawa ukoo kwa wake, ndugu wa baba mmoja wanahesabiwa kama watu baki, na kwa ugonjwa adimu hapo ndipo ushahidi wako ulipo. Wala usimrudie mgonjwa mmoja katika vipande viwili. Skoa ya LOD, kipimo cha ushahidi kwamba ugonjwa na kipande cha DNA vinarithiwa pamoja, itapanda kwa uongo.

Amua nani atoke kabla hujaona LOD hata moja, na uandike sababu. Kujaribu mikato mitano ukachagua yenye skoa kubwa ni kuharibu utafiti wako mwenyewe.

Kwenye faili la .ped (orodha ya watu wa ukoo na wazazi wao), kila mtu awe na wazazi wote wawili au 0 0; mzazi mmoja peke yake ni kosa. Pitisha faili kwenye Pedstats, programu ya kukagua makosa, kabla ya kurudi Merlin. Kama wagonjwa peke yao wanazidi kikomo, acha kukata: tumia programu nyingine: Superlink kwa alama chache za DNA kwa wakati mmoja, au SimWalk2 inayokadiria kwa sampuli.