Kidole Gumba Kilikuwa Kinafanya Nini? Kwa Wanaoanza Kuhakiki Gemu

Kila likizo ya chuo hunijia vijana wawili au watatu hapa Dodoma wakitaka kuanza kuandika uhakiki wa gemu za video, na karibu wote huja na rasimu mkononi. Nikiwaomba wanisomee, nasikia kwamba michoro inavutia, sauti ni safi, hadithi inasisimua, na kwa hiyo gemu inastahili alama 8 kati ya 10. Hapo ndipo ninapouliza swali moja: katika dakika 5 za kwanza, kidole gumba cha mchezaji kilikuwa kinafanya nini, na kwa nini alitaka kulirudia jambo hilo? Wengi hunyamaza. Kwa sababu ya kimya hicho nimeamua kuwaandikia ninyi mnaoanza, kwani naamini kwamba uhakiki wote umo ndani ya jibu la swali hilo.

Mimi kazi hii nilifundishwa na benchi la kibanda cha gemu kule Majengo, zama za PlayStation 2, tulipokuwa tukilipa kwa mechi na kungoja zamu tukiwa tumebanana nyuma ya aliyeshika pedi. Anayengoja zamu hana la kufanya ila kutazama, na mtazamaji wa siku nyingi huanza kuona mambo ambayo mchezaji mwenyewe hayaoni. Namkumbuka mtoto mmoja aliyependa gemu za magari. Kila alipoingia kona, bega lake la kushoto lilishuka, shingo ikafuata, ulimi ukachungulia pembeni mwa mdomo, na pedi yote ikainuka hewani, ingawa pedi zile hazikuwa na uwezo wa kuhisi kwamba zimeinuliwa. Alipowekewa gemu nyingine ya magari, yenye michoro mizuri zaidi, mtoto yuleyule alikaa wima kama anayesikiliza hotuba. Tofauti ile haikutokana na picha. Gemu ya kwanza ilimwacha aikose kona kwa kosa lake mwenyewe, akaliona kosa hilo, akapata nafasi ya kulirekebisha kwenye kona iliyofuata; ya pili ilimsaidia kimyakimya, hata kona ikapita salama alipokuwa amechelewa kukata usukani. Ilinichukua miaka kuyaweka hayo katika maneno. Kwa hiyo, kabla hujaandika neno, mtafute mtu mwingine aicheze gemu hiyo mbele yako, nawe utazame mikono yake kuliko skrini.

Ukitaka kuona jinsi utamu unavyotengenezwa, irudie Super Mario Bros., gemu ya Nintendo ya mwaka 1985 iliyosanifiwa na Shigeru Miyamoto, na uchunguze mwanzo wake tu. Mario anasimama upande wa kushoto na mbele yake pako wazi, hivyo mchezaji anaelewa bila kuambiwa kwamba safari ni ya kwenda kulia. Hatua chache baadaye anajiwa na kiumbe kidogo chenye uso wa hasira, na asiyeruka hufa papo hapo, lakini hapotezi kitu cha maana kwa kuwa ndiyo kwanza ameanza. Akirudia, anajifunza kuruka, kisha anagonga boksi lenye alama ya kuuliza. Uyoga unatoka, unateleza kulia, unagonga bomba na kumrudia mahali ambapo ni vigumu kuukwepa. Yule aliyedhani kwamba uyoga nao ni adui anajikuta amekuwa mkubwa. Hajasoma sentensi hata moja ya maelekezo, na tayari amejua kukimbia, kuruka, kuogopa na kutamani. Isitoshe, urefu wa mruko wenyewe hutegemea muda unaokishikilia kitufe: ukikigusa tu, Mario anaruka kidogo, ukikikandamiza, anapanda zaidi. Mkono unahisi kwamba unasikilizwa. Mhakiki anayeandika kwamba gemu hii ni rahisi kujifunza amesema kweli, lakini anayeeleza habari ya uyoga na bomba amemfanya msomaji aone.

Wakati mwingine utamu hutoka mahali ambapo hata msanifu hakupangia. Katika Space Invaders, gemu ya kuwapiga risasi maadui wanaoshuka kwa safu, iliyotoka Japani mwaka 1978, maadui huongeza kasi kadiri wanavyopungua, na sauti ya hatua zao nayo huharakisha, mpaka yule wa mwisho anakuwa mgumu kuliko kundi zima. Tomohiro Nishikado, aliyeitengeneza, alikuwa na mashine ambayo haikuweza kuwachora maadui wote kwa haraka. Walipopungua, kazi ya mashine ikawa nyepesi, na mwendo ukaongezeka wenyewe. Alipoona kwamba hali hiyo inaupandisha mchezo, aliiacha ilivyo. Wewe hulazimiki kujua habari za chipu, ila unalazimika kutambua kwamba mapigo ya moyo wako yalibadilika mahali fulani, na kutafuta ni kitu gani kilichoyabadilisha.

Wala msidhani kwamba utaalamu huu umekuja na umeme. Nendeni kwenye kijiwe cha bao mkawasikilize wazee. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Kila mchezaji huanza namua, yaani hatua ya kwanza, akiwa na kete 22 mkononi, na zinapokwisha mchezo huingia mtaji, hatua ya pili, ambapo mahesabu hubadilika kabisa ingawa ubao ni uleule. Mzee anayetazama hasemi kwamba mechi ilikuwa nzuri. Anasema kwamba fulani aliitumia nyumba yake, lile shimo maalumu la kulimbikizia kete, mapema mno, akafika mtaji akiwa mtupu. Ndani ya sentensi hiyo mna uamuzi, sababu na matokeo, na aliyeikosa mechi anaweza kuiona. Nawaombeni mwandike uhakiki wenu kwa kipimo hicho.

Sasa niwaambie kosa langu, ili msilirudie. Niliwahi kuandika kwamba gemu moja ya mapigano ni nzito, kwamba vitufe vyake vinachelewa kuitika, na nikaipa alama za chini kwa kujiamini kabisa. Wiki mbili baadaye nikaicheza kwa rafiki yangu anayekaa Ipagala, nikakuta ni nyepesi kama unyoya. Mwenye kosa alikuwa televisheni yangu, kwa sababu televisheni nyingi za kisasa huishughulikia picha ili kuipamba kabla ya kuionyesha, na shughuli hiyo hula muda. Gemu inayokwenda kwa fremu 60 kwa sekunde, yaani picha 60 zinazofuatana, huipa kila fremu takriban milisekunde 17; televisheni inayochelewesha picha kwa milisekunde 100 imekwishakunyang'anya fremu 6, na katika gemu ya mapigano hiyo ndiyo tofauti kati ya kukinga na kupigwa. Nilimwomba radhi msomaji kwa maandishi na kurekebisha alama. Tangu siku hiyo sianzi kazi kabla ya kuiweka televisheni katika hali ya gemu (Game Mode), inayopunguza ucheleweshaji huo, na kuijaribu pedi kwenye gemu ninayoifahamu vizuri.

Kwa sababu hiyohiyo, taja daima umecheza kwa chombo gani na toleo lipi. Cyberpunk 2077 ilipotoka Desemba 2020, sifa nyingi za mwanzo ziliandikwa na waliocheza kwenye kompyuta zenye nguvu, ilhali wenye PlayStation 4 walikutana na gemu inayokwama na kuzimika. Sony, kampuni yenye PlayStation, iliiondoa kwenye duka lake la mtandaoni mwezi huohuo, ikairejesha Juni 2021. eFootball nayo, mrithi wa gemu ya mpira ya Konami tuliyokua nayo vibandani, ilitoka mwaka 2021 ikiwa na kasoro zilizolalamikiwa dunia nzima, kisha ikarekebishwa kwa masasisho. Uhakiki usiotaja toleo humdanganya msomaji hata kama kila neno lilikuwa kweli siku lilipoandikwa.

Wasomaji wetu wengi wanachezea simu, na hapa ndipo uhakiki wa kunakili kutoka ughaibuni unapowaacha njiani. Kijana aliyejiunga bando la siku anataka kujua gemu ina ukubwa gani, kama inachezeka bila intaneti, kama simu itachemka baada ya nusu saa, na kama umeme ukikatika chaji iliyobaki itamfikisha wapi. Pima mambo hayo kwenye simu ya bei ya kawaida na uyaandike mapema, usiyafiche katika aya ya mwisho.

Simu zimeleta pia jambo linalonisumbua zaidi kuliko yote, nalo ni kuchanganya utamu na mazoea. Ziko gemu zinazokuita kila asubuhi kwa zawadi, zinazokuadhibu usipoingia siku moja, na zinazokuweka ukingoni mwa ushindi ili ulipe kidogo uvuke. Mchezaji hurudi kila siku, na mhakiki mgeni huandika kwamba gemu haichoshi. Mimi hujiuliza hivi: zawadi za kila siku zikiondolewa, na idadi ya siku nilizoingia mfululizo isionekane, je, ningependa bado kufanya kile ambacho kidole changu kinafanya? Nimewahi kucheza gemu kwa siku 40 na jibu likawa hapana. Niliandika hivyo, na naliona kuwa jibu la haki kwa msomaji mwenye fedha kidogo na muda mchache.

Kuhusu saa za kucheza, sina kanuni moja. Tetris, gemu ya kupanga matofali yanayoanguka, aliyoitunga Alexey Pajitnov huko Moscow mwaka 1984, huielewi kwa kuimaliza, kwa maana haina mwisho wa hadithi. Unaielewa siku unapogundua kwamba unayapanga matofali kichwani ukiwa kwenye daladala. Gemu yenye hadithi, kwa upande wake, uicheze hadi mwisho kabla ya kuihukumu, au useme wazi ulipoishia. Weka daftari karibu na uandike pale tu unapokasirika, unapocheka au unapotazama saa, maana kumbukumbu ya jioni huyasawazisha yote yakawa ya wastani.

Alama iwekeni mwisho kabisa, baada ya aya zote kukamilika, kisha mpeni rasimu mtu ambaye hajaicheza gemu hiyo, mkiwa mmeifunika alama kwa kipande cha karatasi. Mwambieni aikisie. Akikosea kwa tofauti kubwa, msiiguse alama. Rudini kwenye aya.