Gari la umeme la kampuni changa, nichukue?

SWALI: Shikamoo dada, nipo Masasi, hela ya korosho imeingia na kuna mtu Dar ananiuzia gari la umeme la kampuni mpya ya nje, bei poa kweli. Nichukue?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Mi nasema usichukue. Fisker, kampuni ya magari ya umeme ya Marekani, iliomba kufilisika Juni 2024, wenye magari yake ya Ocean wakabaki wanahangaikia spea na programu, maana gari hizi ni kompyuta inayomtegemea aliyeitengeneza, sasa taa nyekundu ikiwaka kwenye dashibodi hapo Masasi nani atakufungulia mfumo? Tesla nao walianza wadogo na gari lao la Roadster la 2008 wakatoboa, ila wengi hawatoboi. Kama roho bado inataka, kwanza fundi apime betri mbele yako, uone uwezo uliobaki.